Jinsi ya kuirudisha spidi boti ya zamani ziwani kwa plaiwudi, epoksi na injini ya leo

Hii nawaandikia watu wa huku kwetu Ziwa Victoria, upande wa Uganda, Entebbe, Ggaba, Masese, Kalangala mpaka kule Majanji, wale ambao wakiona spidi boti ya zamani yenye pua ndefu ya mbao iliyopigwa vanishi moyo unaruka. Bado zipo chache zimelala nyuma ya nyumba za watu, nyingine zimebaki mifupa tu, na kila nikisikia moja imepasuliwa kuwa kuni inaniuma sana. Ndio maana nimeamua kuandika vile nilivyofanya yangu kuanzia siku ya kwanza mpaka inaingia majini, na pale nilipokosea nitasema wazi ili wewe usipitie hapohapo.

Yangu ilianzia chini ya mwembe. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa na boti ya futi 16, tumbo la plaiwudi limefumuka kama kitabu kilicholowa, na pale dereva alipokuwa anakaa kuku wanatagia. Nikamwomba. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo si boti tena, hiyo ni kuni." Nikamjibu, "Mzee, mbao zake sizihitaji, naomba umbo lake tu." Akaniangalia kidogo, akaita kijana aondoe kuku, akanipa wiki mbili niipime.

Umbo ndilo unalolifuata, hilo liweke kichwani mpaka mwisho wa kazi. Yule aliyeichora boti ile zamani alipanga kila mkunjo kwa kufuata uzito wa mbao za wakati ule na injini ya wakati ule, sasa wewe unakuja na vitu vyepesi kwa tumbo halafu injini nzito zaidi nyuma, kwa hiyo umbo utalibakisha lakini uzito umeshahama, na boti haijui wewe umetumia kitu gani, inajua uzito uko wapi. Mengine yote ni ufundi wa mikono unaojifunza ukiendelea.

Hatua ya 1: chagua umbo linaloendana na maji yetu na mfuko wako

Spidi boti nyingi kabla ya miaka ya 60 zilikuwa na tumbo lenye V kali mbele, halafu V inazidi kulala kadiri unavyorudi nyuma, mpaka kwenye kibao cha nyuma iko karibu bapa. Faida yake ni kwamba inapanda juu ya maji haraka hata kwa injini ndogo, lakini ukikutana na mawimbi inakupiga mgongo kweli kweli. Halafu Mmarekani Ray Hunt akaja na wazo la kuiacha V iwe kali mpaka nyuma kabisa, pembe ya nyuzi kama 24 hivi, na mwaka 1960 boti ya namna hiyo, Moppie ya Richard Bertram, ikashinda mashindano ya Miami mpaka Nassau kwenye bahari iliyochafuka, na baada ya hapo kila mtu akataka V. Ni umbo zuri sana ila linakula nguvu, V kali inahitaji injini kubwa ndio inyanyuke, na petroli ya kwetu unaijua bei yake.

Ziwa letu lina mawimbi mafupi yanayosimama wima na kufuatana karibu karibu, hasa mchana upepo wa kusini ukiamka, kwa hiyo lile tumbo bapa kabisa sikushauri. Kwa injini ya hp 40 (nguvu za farasi 40) chukua umbo la katikati, nyuma V iwe nyuzi 12 mpaka 15, mbele ikate vizuri. Boti ya mzee nilipoipima nyuma ilikuwa na nyuzi 13, nikashukuru Mungu.

Kama huna boti ya kupima, michoro ya boti za aina hii inauzwa mtandaoni, Glen-L wa Marekani wanayo mingi ya zamani iliyoboreshwa kwa plaiwudi, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nao wana michoro ya boti za V za wavuvi ambayo mimi naiheshimu sana kwa sababu imechorwa kwa kumfikiria fundi asiye na mashine kubwa.

Jambo moja muhimu kwa wenye boti kuukuu ya mbao za kupanga ambayo bado imeshikana: usije ukaipaka epoksi (ile gundi ya maji ya kuchanganya sehemu mbili) na faibaglasi juu ukadhani umeiokoa. Mbao zile zimetengenezwa zivimbe zikiwa majini na kusinyaa zikiwa nchi kavu, yaani zinatembea, faibaglasi haitembei, msimu mmoja tu inapasuka kwenye kila mshono, maji yanaingia ndani hayatoki na mbao inaoza ukiwa huoni. Maji baridi kama yetu yanaozesha mbao kuliko ya bahari kwa sababu hayana chumvi ya kuzuia ukungu, ingawa angalau hatuna wale minyoo wa baharini wanaotoboa mbao. Boti ya namna hiyo itengeneze kwa njia yake ya zamani, au ipime ujenge mpya. Mwongozo huu ni wa kujenga mpya.

Hatua ya 2: kupima

Kabla hujagusa futi ya kupimia, inyooshe. Boti iliyolala miaka mingi imejikunja, ya mzee upande wa kushoto ulikuwa umeshuka karibu sentimita 4 kwa sababu gogo la chini lilioza. Inyanyue kwa jeki ndogo na vipande vya mbao polepole siku mbili tatu, weka pima maji kwenye kibao cha nyuma, halafu vuta uzi kutoka katikati ya pua mpaka katikati ya nyuma, huo ndio msingi wako, kila kipimo kinatoka kwenye huo uzi.

Gawa urefu sehemu kumi. Kila sehemu shusha timazi kutoka kwenye uzi, andika: kutoka uzi mpaka mkuku (ule uti wa mgongo wa chini ya boti), kutoka katikati mpaka kona ile ambapo tumbo linakutana na ubavu (urefu wake na upana wake), na kutoka katikati mpaka ukingo wa juu. Pima pande zote mbili uchukue wastani, usiamini upande mmoja. Pale mbele ambapo mkunjo ni mwingi weka vipimo karibu karibu, mimi niliweka kila sentimita 20.

Piga pia picha za simu nyingi, ukizunguka boti yote, na kompyuta nzuri ikiwepo kuna programu ya bure inaitwa Meshroom inageuza picha kuwa umbo la pande tatu. Mimi niliitumia kuhakiki tu, timazi na futi ndio vilinipa namba za kweli.

Namba ukishapata ziingize kwenye DELFTship, programu ya kuchora boti, ile ya bure inatosha. Utaona mistari imekunjana hapa na pale, hiyo ni makosa ya kupima na uchovu wa mbao, ilainishe taratibu mpaka mistari itiririke. Halafu usitoe kazi kwenye kompyuta moja kwa moja kwenda kwenye mbao, peleka faili Nasser Road Kampala wakuprintie mataruma (mbavu za ndani za boti) kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ndefu, na ukifika nyumbani pima tena ile karatasi kwa futi ya chuma kwa sababu printa inaweza kuvuta milimita kadhaa. Bandika karatasi kwenye mbao, kata. Hii peke yake iliniokolea wiki nzima ambayo wazee wetu walikuwa wanachora sakafuni.

Hatua ya 3: hesabu ya uzito, kabla hujanunua hata msumari

Hapa naomba mnisikilize kwa sababu mimi niliiruka, nikaifanya baadaye kwa machozi.

Chukua daftari, andika kila kitu kitakachokuwa ndani ya boti, uzito wake, na umbali wake kutoka kibao cha nyuma. Plaiwudi ya okume, ile mbao nyepesi, ya milimita 9 shiti moja ya futi 4 kwa 8 ni kama kilo 12, ya milimita 6 kama kilo 8, lakini plaiwudi ya mbao ngumu ya unene huohuo inaweza kufika kilo 18, ukizidisha kwa mashiti kumi unaona tofauti. Kitambaa cha faibaglasi kinakunywa epoksi karibu sawa na uzito wake. Injini za zamani za hp 40 zilikuwa nyepesi, za leo za stroku nne za nguvu hiyohiyo ni kama kilo 95 mpaka 100. Betri, tangi, viti, nanga, watu, vyote viandike.

Yangu ilikuwa hivi: injini mpya ilizidi ile ya zamani kwa kilo 30 hivi, na iko mita 1.8 nyuma ya mahali boti inapobalansi. 30 mara 1.8 ni 54. Nilipoiingiza majini mara ya kwanza nikiwa peke yangu, betri na tangi viko nyuma kama mazoea ya watu wengi, nikafungua moto, pua ikapanda ikashuka ikapanda ikashuka, kila sekunde inagonga, siwezi hata kushika usukani vizuri, nikadhani nimeharibu umbo la mzee wa watu. Nikarudi nyumbani usiku nikapiga hesabu. Betri kilo 20, tangi la lita 25 likijaa kama kilo 22, jumla 42, nikizisogeza mbele mita 1.3 napata 42 mara 1.3, inakuja karibu 55. Kesho yake nikahamisha vyote viwili chini ya kiti cha mbele, nikarefusha waya na mpira wa mafuta, na boti ikatulia ikakimbia bapa. Sikugusa hata milimita moja ya tumbo. Kama ningeandika ile karatasi mapema nisingekata sakafu mara mbili.

Ukishajua uzito wote unaweza kukadiria mwendo kwa kanuni ya George Crouch, mchoraji wa Baby Bootlegger, boti iliyoshinda Gold Cup Marekani mwaka 1924 na 1925, na mpaka leo watu wanaitumia kwenye kikokotoo cha simu. Chukua uzito wote kwa ratili (pauni), gawanya kwa nguvu ya injini, tafuta kipeuo cha pili, halafu gawanya 150 kwa hiyo namba kama boti ni ya kawaida, au 190 kama ni nyepesi ya mbio. Mimi nilitumia 170. Boti ikiwa na kilo 700 pamoja na watu, na nguvu halisi ya hp 35 (kwa nini 35 na sio 40 nitasema kwenye injini), inakuja maili 25 na nusu kwa saa, kama kilomita 41. Ukiongeza kilo 200 inashuka mpaka kama kilomita 36. Kwa hiyo kila unapofikiria kuongeza mbao nene "iwe imara" kumbuka unalipa kwa mwendo na petroli.

Hatua ya 4: mbao na plaiwudi

Mbao nilinunua Ndeeba, Kampala. Mvule ni tamu lakini imeadimika na inalindwa, mimi nilitumia kipande kimoja tu kwa mkuku, nacho kilitoka kwenye milango ya nyumba iliyobomolewa, kikavu kabisa. Mvule ina mafuta ndani, kabla ya kuigundisha ipige msasa halafu ifute na thina safi palepale, epoksi ifuate muda huohuo. Mataruma na mbao ndefu za urefu nilitumia nkoba. Usichukue mbao mbichi hata ukipewa bei ya urafiki, ipange kivulini ikauke miezi, epoksi kwenye mbao mbichi ni kazi bure.

Plaiwudi ndio mtego mkubwa. Ukipata ya marini yenye muhuri wa BS 1088, kile kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti, na risiti, nunua. Lakini maneno "haipiti maji" kwenye shiti hayatoshi, kwa hiyo fanya hivi: omba kipande cha pembeni, angalia ukingo wake juani, ukiona vishimo vyeusi katikati ya matabaka achana nayo. Halafu kichemshe kwenye sufuria saa nzima, kikaushe juani, kichemshe tena. Kikifumuka, plaiwudi ile ni ya dari sio ya boti. Mke wangu sufuria yake ilichemsha vipande sita vya wauzaji tofauti, vinne vikafumuka, na kimoja kati ya hivyo vinne ndicho kilichokuwa cha bei ya juu kuliko vyote. Na ile nyeusi yenye ngozi laini ya kumwagia zege usiitumie, gundi yake ni nzuri lakini epoksi haishiki kwenye ile ngozi.

Hatua ya 5: mifupa na kuwamba

Boti inajengwa kichwa chini. Tengeneza vitanda viwili vya mbao vilivyonyooka, simamisha mataruma juu yake kwa timazi, unganisha mkuku, halafu zile mbao ndefu za kona na za ukingo. Chukua ufito mrefu mwembamba, ulaze juu ya mataruma kutoka pua mpaka nyuma, angalia kama unagusa kila taruma bila kuacha nafasi. Hapa nakushauri kwa moyo wote, tafuta fundi wa boti za ziwa, wale wa Masese au Kasenyi wanaojenga boti za uvuvi za mbao na kuziba mishono kwa pamba na vipande vya bati. Huenda hajawahi kushika epoksi maisha yake lakini jicho lake linaona taruma lililozidi milimita tatu kutoka mita kumi. Wa kwangu alipita na randa mchana mmoja tu, hakupima kitu, na baada yake ufito ulilala kama umezaliwa hapo.

Shiti za plaiwudi ni futi 8 na boti ni 16, lazima uunganishe. Kiungo chenye nguvu ni cha mteremko, mara nane ya unene, kwa hiyo plaiwudi ya milimita 9 inapata mteremko wa milimita 72. Panga shiti nne moja juu ya nyingine kama ngazi, kila moja imerudi nyuma milimita 72, zibane, halafu zipige randa zote pamoja mpaka ziwe mteremko mmoja. Matabaka ya plaiwudi yatajitokeza kama mistari, rangi ya kahawia na nyeupe, na hiyo mistari ndiyo kipimo chako, ikiwa imenyooka sambamba mteremko uko sawa, mahali ikipinda kuna bonde au kilima, peleka randa hapo. Nilikaa na hiyo mistari jioni nzima na ni kazi niliyoipenda kuliko zote.

Mbele karibu na pua plaiwudi ya milimita 9 itakataa kujikunja. Usiilazimishe kwa skrubu, itapasuka. Tumia mbili za milimita 4 au 5, ya kwanza ikishashika unagundisha ya pili juu yake, inashika umbo ikiwa na nguvu ileile. Ukitaka sura ya zamani, juu ya deki gundisha vipande vyembamba vya mbao nyekundu vyenye mistari myeupe katikati, milimita 4 zinatosha, na mtu akipita atadhani ni ya mwaka 1955.

Hatua ya 6: epoksi

Wengi wa mafundi wetu wa faibaglasi wamezoea rezini ya poliesta, ile ya kutengenezea matangi na bampa za gari. Ni nafuu lakini kwenye mbao haishiki kwa muda mrefu, inabanduka. Nunua epoksi. Na epoksi ina sheria zake ambazo ni tofauti, kubwa kuliko zote ni hadina, ile dawa ya kuigandisha. Kwenye poliesta ukiongeza hadina inakauka haraka, kwenye epoksi ukiongeza hadina inabaki laini kama jeli milele, kipimo ni kilekile alichoandika mtengenezaji, moja kwa mbili, moja kwa tatu, moja kwa tano, usiguse. Tumia mizani ndogo ya jikoni, na uangalie kama kipimo kimeandikwa kwa uzito au kwa ujazo, havifanani.

Changanya kidogo kidogo, mililita 200 au 300, halafu mwaga kwenye trei pana haraka. Siku yangu ya pili nilichanganya lita moja na nusu kwenye jagi refu saa saba mchana nikidhani naokoa muda, ndani ya dakika kumi jagi likaanza kutoa moshi, plastiki ikayeyuka, nikalitupa kwenye mchanga. Epoksi ikirundikana inajipasha moto yenyewe na joto letu linasaidia. Pesa ya wiki mbili ilienda pale.

Muda wa kupaka ni saa kumi jioni, na kuna sababu. Asubuhi mbao zinapata joto, hewa iliyo ndani ya vinyweleo inatanuka inatoka, inakuachia mapovu elfu kwenye epoksi. Jioni mbao zinapoa, hewa inasinyaa, epoksi inavutwa kuingia ndani. Mimi nilianza kupaka asubuhi kama mtu mwenye bidii nikakwangua ubavu mzima. Angalia tu mvua na wadudu wa taa, funika kwa chandarua, lakesi, wale wadudu wadogo wa ziwa, wakija usiku mmoja watageuza boti yako kuwa msasa.

Mpangilio niliofuata: kona zote za ndani jaza uji mzito wa epoksi na unga wa mbao, lainisha kwa mgongo wa kijiko, juu yake mkanda wa faibaglasi wa gramu 600 kwa mita mraba. Nje tumbo lote na mbavu kitambaa cha gramu 200, kwenye mkuku na kona za chini tabaka mbili, maana boti zetu zinapandishwa kwenye mchanga na mawe. Kitambaa kikishiba epoksi kinapotea machoni, unaona mbao tu, mahali pakibaki peupe hapajashiba, rudi. Ndani kote paka tabaka tatu, hata chini ya sakafu ambapo hakuna atakayeona.

Epoksi ikikauka inaacha utelezi kama mafuta. Ioshe kwa maji safi na sponji ya kusugulia vyombo kabla ya msasa, ukianza na msasa unausambaza na rangi itabanduka. Na usiache epoksi wazi juani, jua letu la ikweta linaiua ndani ya miezi, inakuwa ya njano halafu inakuwa unga. Juu yake rangi, au pale unapotaka mbao ionekane vanishi yenye kinga ya jua tabaka sita au zaidi, na kila mwaka unaongeza moja mbili.

Kila tundu la skrubu linalopita kwenye mbao: toboa kubwa, jaza epoksi nzito, ikikauka toboa tena dogo katikati. Inachosha. Fanya hata hivyo, boti za plaiwudi zinaoza kuanzia kwenye tundu la skrubu.

Vaa glavu na barakoa, epoksi ikikuzoea ngozini utapata muwasho usioisha na utaacha kazi hii kabisa.

Hatua ya 7: injini

Kwanza urefu wa shafti. Boti nyingi za zamani kibao cha nyuma kilikuwa na kimo cha inchi 15, injini nyingi za leo za hp 40 ni za shafti ya inchi 20. Kiinue kibao kwenye mchoro, usisubiri injini ifike. Inaleta faida pia, mawimbi ya nyuma hayaingii kirahisi. Kile kibapa kilicho juu ya propela kiwe sambamba na chini ya tumbo au juu kidogo tu.

Sasa ile hp 35. Ziwa letu liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 kila mita 300, kwa hiyo kwa jumla kama asilimia 11. Hp 40 ya kwenye karatasi huku ni 35 na kidogo. Propela inayokuja na injini imechaguliwa kwa watu wa usawa wa bahari, huku injini inashindwa kufika mizunguko yake. Weka mita ya mizunguko, fungua moto wote boti ikiwa na mzigo wa kawaida, kama haifiki pale mtengenezaji alipoandika shusha pichi ya propela (mlalo wa panga zake), inchi moja inaongeza mizunguko kama 200. Mimi nilishuka inchi mbili na boti ikabadilika tabia, inapanda juu ya maji mapema na mafuta yamepungua.

Kuhusu umeme naulizwa sana. Kwa boti ya kukimbia, bado. Lita moja ya petroli ikipita kwenye injini inakupa kazi ya kama kilowatisaa 2, betri ya lithiamu ya kilowatisaa 5 ina kilo kama 45 na zaidi, yaani umebeba kilo 45 badala ya lita mbili na nusu za petroli. Lakini kama umbo ulilolipenda ni zile boti nyembamba za zamani za kwenda taratibu, kilomita 8 au 9 kwa saa, kupeleka wageni kuangalia ndege kwenye kinamasi cha Mabamba, pale umeme ni mzuri kweli na ndege hawakimbii.

Hatua ya 8: boya za ndani na karatasi

Plaiwudi yenyewe inaelea, kinachozamisha ni injini, betri na watu. Niliweka povu gumu lisilonyonya maji lita 250, uzito wake hata kilo 8 halifiki, na nililiweka juu mbavuni chini ya ukingo. Usiliweke lote sakafuni, boti ikijaa maji itageuka tumbo juu. Jaketi za kuokolea ni moja kwa kila mtu, zinavaliwa, sio kukaliwa. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ilipinduka upande wa Mukono wakafa zaidi ya watu 30 na ufukwe unaonekana, tuliokuwa karibu na ziwa mwaka ule hatujasahau. Kwenye kibao cha nyuma andika idadi ya watu kwa rangi kubwa. Yangu ni watano, na nimeshamshusha shemeji wa sita.

Sheria ya usafiri wa majini ya 2021 inataka chombo kisajiliwe na kukaguliwa, kwa hiyo nenda Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi mapema ukiwa na michoro yako na picha za hatua za ujenzi, mkaguzi akiona ndani ya mbavu kabla hujaziba kazi inakuwa nyepesi. Na usiitumie kuvulia, boti za uvuvi Ziwa Victoria zinatakiwa kuanzia futi 28.

Hatua ya 9: kuingia majini

Ingia asubuhi maji yametulia. Ifunge ufukweni kwa muda wa masaa mawili ikiwa na mzigo, angalia kila kona ya ndani kwa tochi. Weka alama ya penseli mahali maji yanapofika mbele na nyuma, linganisha na mchoro, ikiwa nyuma imezama zaidi hamisha vitu kabla ya kuwasha injini. Kamba ya kuzimia injini ifunge mkononi. Mwendo wa kwanza polepole nusu saa, halafu geuza kushoto na kulia, halafu ndio moto.

Mzee tulimleta wiki ya tatu. Alikaa pale kuku walipokuwa wanatagia, akapitisha kiganja kwenye ukingo kutoka mbele mpaka nyuma bila kusema kitu, halafu akaniuliza, "Skrubu zake ziko wapi?" Nikamweleza habari ya gundi. Akaniambia tuzunguke tena.

Baada ya masaa kumi ya kutembea kaza upya bolti za injini, badilisha oili ya kwanza kwa muda alioandika mtengenezaji, na angalia chini ya kila kifungo cha kamba kama kuna ufa kwenye rangi, nywele tu ya ufa inatosha kuingiza maji, ikwangue siku hiyohiyo uijaze. Ukipita kwenye gugu maji zima injini, inyanyue, toa majani kwenye matundu ya kunyonyea maji kabla haijachemka. Na ukiipandisha nchi kavu fungua kizibo cha nyuma, inua pua juu kidogo, iache wazi ipumue, turubai lisiguse deki maana jasho la chini ya turubai linaivua vanishi haraka kuliko ziwa lenyewe.